Kengele za Bwana Manowari

Kati ya mahali pote pa kuzeekea, yule afisa wa jeshi la majini alichagua Uasin Gishu, ambako maji mengi kuliko yote ni ya birika la kunyweshea ng'ombe. Wafanyakazi wa shamba walimwita Bwana Manowari. Alikuwa amestaafu na cheo cha admirali, lakini miguu yake haikuambiwa. Kutwa alizunguka veranda, mikono mgongoni, akitazama ngano ya Chepkoilel ikiyumba, kisha anageuka, anarudi, anageuka tena.

Aliyemjua kuliko wote ni Walubengo Khisa, Mbukusu wa Kimilili, mtumishi wake wa nyumbani kwa miaka saba. Kazi kubwa ya Walubengo haikuwa kupika wala kufua. Ilikuwa kupiga kengele. Kila nusu saa, kama melini: pigo moja, mawili, mpaka manane, halafu mwanzo tena. Saa sita ya mchana yaligongwa manane, na mwaka wa kwanza wapalizi waliyahesabu, wakajua ni saa nane, wakatupa majembe na kwenda zao nyumbani. Bwana Manowari aligomba hadi sauti ikamkauka. Wapalizi hawakuona kosa lao, na kusema kweli hata mimi silioni.

Jioni, Walubengo akimvua buti, Bwana alisimulia maisha yake: alivyoingia manowarini akiwa na miaka kumi na mitatu, akapanda cheo baada ya cheo, akapewa meli yake mwenyewe, na Wajerumani walivyoitoboa katika bahari ya baridi.

"Mimi kapteni. Kapteni hapana toka kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Watu yote toka. Mpishi toka. Mimi mwisho."

Walubengo aliisikia hadithi hiyo mara nyingi hata angeweza kuisimulia yeye. Lakini alisikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa Kimilili, kwa mama yake Nekoye, aliyekuwa akiumwa kifua. Likizo ya mwisho, kabla hata ya salamu, mama alimwuliza, "Wamekupa siku ngapi?" Walikuwa wamempa nne. Alizikaa zote nne bila kuvua viatu, na kila nusu saa aliruka, mkono ukitafuta kamba ya kengele. Tangu hapo swali lile la mama lilimkera rohoni.

Alitaka kurudi kwao moja kwa moja. Tatizo ni ule mkebe wa bati ulioning'inia shingoni mwake. Ndani yake mlikuwa na kipande, hati ya kazi ambayo serikali ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuibeba, na kipande kilingoja sahihi ya mwajiri ya kumwachilia. Aliyeondoka shambani bila sahihi hiyo alikuwa mtoro, na polisi wangemkamata kabla hajavuka Turbo. Mara tatu Walubengo aliomba, na mara tatu jibu lilikuwa lile lile.

"Wewe hapana kwenda. Nani piga kengele?"

Septemba 1939 vita vikazuka, na simu ya maandishi ikaja ikimwita Bwana arudi kazini. Mzee wa miaka sitini na mitatu alikimbia ukumbini na soksi. Alifunga sanduku moja, akaingia kwenye gari la jirani, akapaza sauti dirishani, "Piga kengele mpaka mimi rudi!" Vumbi likatimka, akaenda. Kuhusu kipande, hakusema neno.

Walubengo aligonga moja. Baada ya nusu saa akagonga mawili. Hapo mkono ukamganda. Bwana akizama huko, nani ataweka sahihi? Hasira ya miaka saba ikampanda kwa mkupuo. Akaiachia kamba ikining'inia, akashika njia ya Eldoret mbio, maili tisa.

Garimoshi la Nakuru lilikuwa bado linapakia magunia. Bwana Manowari alisimama mlangoni mwa behewa, kwa maana kukaa kulimshinda hata siku hiyo. Alipomwona mtumishi wake akawaka.

"Nani piga kengele?"

"Hakuna mtu, Bwana." Walubengo alikuwa akihema. Alifungua mkebe, akatoa kipande, akakiinua kwa mikono miwili. "Bwana ni kapteni. Kapteni hatoki kwanza. Na mimi bado niko ndani."

Filimbi ikalia. Uso wa Bwana ukaiva. Kisha akatoa kalamu, akaiweka karatasi juu ya paja, akaandika tarehe na jina lake huku magurudumu yakianza kuzunguka. Walubengo alilazimika kukimbia sambamba na behewa ili aipokee. Admirali akampigia saluti. Walubengo hakuijibu, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika karatasi.

Alifika Kimilili siku ya tatu, kwa miguu. Nekoye alikuwa amelala kando ya moto, amekonda, lakini macho yalimtambua.

"Wamekupa siku ngapi safari hii?"

"Zote, Mama."

Mama alimtazama kama mtu aliyetajiwa bei rahisi mno sokoni. Kisha akaielekezea kidole miguu ya mwanawe.

"Basi vua viatu."