Siku Niliyomkana Mwalimu Wetu wa Mpira

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nimejaribu kuisahau kwa zaidi ya nusu karne, na kila mtu akija kuninawisha mikono kabla ya kula, siku hiyo inanirudia nzima. Umeniona mara nyingi nikimwambia mama yako aliweke birika chini, nitanawa mwenyewe. Nanyi mnacheka, mnasema mzee ana vijambo vyake. Chekeni tu. Lakini kwa kuwa jana ulirudi nyumbani na kombe mkononi, na watu wote wakawa wanakusifu, na nikakusikia ulivyokuwa ukijibu sifa zile, nimeona nikueleze vijambo vyangu vilikoanzia.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa mwanafunzi katika chuo kidogo cha ualimu, mwendo mfupi kutoka Msambweni kuelekea bara. Na kilikuwa kidogo kweli: madarasa mawili, bweni moja la makuti, na wanafunzi wasiozidi arubaini. Kila mwaka tulipungua. Vijana wa Kwale na Vanga wakipata nafasi Mombasa walikwenda zao huko, na maneno yalikuwa yameenea kwamba wakubwa wa elimu wanataka kutufunga. Mkuu wetu wa chuo, Maalim Shee, alikuwa mtu mpole aliyevaa koti hata katika joto la Februari, na hilo la kufungwa lilimkosesha raha kabisa. Ndipo alipopata wazo la mpira. Zamani chuo kilikuwa na timu, ikafa. Akasema tuifufue, kisha tuombe kuingizwa katika ligi ya vyuo vya pwani. Jina letu likitajwa viwanjani kila wiki, wazazi watatusikia na kutuletea watoto wao, na wakubwa wataona haya kufunga chuo kinachojulikana. Mimi nikafanywa nahodha. Nilikuwa na mbio, nilikuwa na sauti, na nilikuwa na viatu vya mpira, jozi ya pekee chuoni pote.

Taabu ya kwanza ilikuwa kiwanja, kwani kilikwisha kuwa shamba la muhogo. Aliyeupanda ni Mzee Kibwana, mpishi wetu, Mdigo wa Mwabungo, na alikuwa akiulima ili atujazie sufuria chakula kilipopungua mwisho wa muhula. Nikatumwa nikamwombe ardhi. Nilikwenda nimejitayarisha kwa hotuba.

"Shikamoo, Mzee Kibwana."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuning'olea muhogo wangu, sivyo?"

Nikababaika, hotuba yote ikanipotea. Akacheka, akafuta mikono kwa taulo aliloliweka begani siku zote. "Ng'oeni," akasema. "Lakini magoli msiyaweke pale yalipokuwa zamani. Golikipa atapigwa na jua la alasiri machoni, hauoni mpira mpaka umo wavuni."

Hapo ndipo tulipojua kuwa mpishi wetu anajua mpira. Katika ujana wake alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa na kuchezea timu ya wafanyakazi wenzake, mpaka goti lilipovunjika, akaingia jikoni. Sisi tulikuwa tumekula chakula chake miaka miwili na hakuna aliyewahi kumwuliza alikuwa nani kabla ya kushika mwiko.

Basi akawa mwalimu wetu. Hakuna aliyempa kazi hiyo, na hakuiomba. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuja kiwanjani akichechemea, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akatuelekeza kwa mkono. Asubuhi, chai ikichemka, alituita watatu watatu jikoni akatupangia vipande vya muhogo juu ya ungo: kumi na moja vilivyomenywa ni sisi, kumi na moja vyenye maganda ni wao. "Huyu ni wewe, Salimu," aliniambia, akikisogeza kipande kimoja kwa kidole. "Una mbio, lakini unaufukuza mpira kama unayefukuza kuku wa sikukuu. Tulia, uache ukujie." Juma, winga wetu wa kushoto, alikuwa akikimbia ameinamisha kichwa, haoni mbele wala pembeni. Mzee Kibwana alimfunga kijiti cha ufagio chini ya kidevu kwa wiki nzima, hata akajifunza kuinua uso. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na Juma mwenyewe akacheka.

Mimi alinipenda zaidi ya wenzangu. Nalisema hili kwa haya. Kila alipopakua wali aliniwekea ukoko, kwa sababu siku moja nilisema naupenda.

Baada ya miezi mitano wajumbe wawili wa ligi wakaja kututazama. Walikuja na timu ya vijana kutoka Kwale ili tucheze nayo, waone kama tunafaa. Mkubwa wao alikuwa katibu wa ligi, bwana wa Mombasa mwenye suti nyeupe na tai, anayesema taratibu na kuandika kila kitu katika daftari dogo. Tulicheza, mwanangu, sijapata kucheza vile tena. Wale wa Kwale walikuwa na miili na walikuwa na viatu. Sisi tulikuwa na ule ungo wa muhogo kichwani. Mpira ulipofika kushoto Juma aliinua uso, nami nikatulia, nikaacha unijie, nikafunga. Tukashinda matatu kwa mawili. Mzee Kibwana alikuwa ameketi juu ya kinu chake mpaka dakika kumi za mwisho, kisha akaondoka mbio kwa mguu wake mbovu, maana chakula cha wageni kilikuwa motoni.

Tukaingia ukumbini kula. Mikeka imetandikwa, masinia ya wali na samaki wa kupaka yamewekwa. Maalim Shee alikuwa nje akiisindikiza timu ya Kwale kwenye lori lao. Mzee Kibwana akaja na birika na beseni kunawisha watu, akaanza kwa wageni, kisha akaja kwangu, nahodha, niliyekaa mkabala na katibu. Nikanyoosha mikono. Akaanza kunimiminia maji.

Katibu akafungua daftari lake. "Nahodha," akasema, "mchezo niliouona leo ni kazi ya mtu anayejua. Kanuni yetu ni kwamba kila timu iwe na mwalimu wake, na jina lake tuwe nalo. Mwalimu wenu wa mpira ni nani?"

Mwanangu, jibu lilikuwa limeinama mbele yangu, lina taulo begani, linanuka moshi na nazi. Nililitazama taulo lile. Lilikuwa na madoa ya mchuzi. Kisha nikaitazama ile suti nyeupe. Nikaona nikisema ni mpishi watatucheka, chuo cha kufundishwa na mpishi, na safari yetu itaishia pale pale. Hilo ndilo nililojiambia, na kwa miaka mingi ndilo nililowaambia watu. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na leo nalisema wazi: katibu alikuwa amesema "mtu anayejua", na nilitaka mtu huyo awe mimi.

"Ni mimi, bwana," nikasema. "Ninawafundisha mwenyewe."

Wenzangu wakainamisha vichwa, kila mmoja akatazama sinia lake. Katibu akaandika. Maji hayakukatika. Yaliendelea kumiminika polepole juu ya mikono yangu, wala hayakutetereka, mpaka mimi mwenyewe nilipoiondoa. Mzee Kibwana akanipa kitambaa nijifute.

"Karibu chakula, Mwalimu," akaniambia.

Nilimtazama usoni nione kama ananikejeli. Hakuwa akinikejeli. Alilisema kwa adabu ile ile aliyomwambia nayo katibu, akahamia kwa mtu wa pili. Heri angenitukana.

Wageni walipokuwa wakiondoka, katibu alimpongeza Maalim Shee kwa kuwa na kijana hodari namna ile, mchezaji na mwalimu kwa pamoja. Maalim Shee hakutaka kuniaibisha mbele ya watu. Aliwapungia mkono mpaka gari lao lilipopotea, kisha akanigeukia. Sikuwa nimepata kumsikia akisema kwa ukali kabla ya siku ile.

"Nenda jikoni sasa hivi. Usiache jua lichwe."

Nikaenda. Mzee Kibwana alikuwa anakwangua sufuria. Alinipokea kama kawaida, akaninyooshea sahani. "Nimekuwekea ukoko wako," akasema. Na mimi, mwanangu, neno likiwa tayari ulimini, nikakaa juu ya kigoda nikala ukoko. Nikaula wote. Nikasema ahsante nikatoka.

Ligi ikatukubali, kwa majaribio ya msimu mmoja. Chuo kizima kilishangilia. Lakini Mzee Kibwana hakuja tena kiwanjani. Hakununa, wala hakumsema mtu, na wali wake ulikuwa mtamu vile vile. Juma alipokwenda kumbembeleza alijibiwa, "Mwalimu wenu si mnaye?" Hata Maalim Shee alikwenda, akajibiwa kwa upole kwamba goti linauma. Mimi ndiye niliyetakiwa kwenda, na mimi sikwenda. Nilikwenda kuchukua vipande vya muhogo na ungo, nikawapangia wenzangu kama alivyokuwa akipanga yeye, na sikujua nivisogeze wapi. Tulifungwa na kila tuliyekutana naye. Juma akarudi kukimbia kichwa chini.

Msimu ulipokwisha katibu alikuja mwenyewe kutuletea habari kwamba hatukuthibitishwa. Alikuwa muungwana, akaniita pembeni. "Kijana, kimetokea nini? Ile timu niliyoiona siku ya kwanza iko wapi?" Nikamweleza ukweli, kwa kuwa sasa haukuwa na thamani yoyote. "Nilimwona yule mzee juu ya kinu," akasema. "Akinyoosha mkono kulia, timu inakwenda kulia. Nilikuuliza nikijua ndiye, nikitaka unipe jina lake tu niliandike. Kwani mpishi si mtu?"

Muhula uliofuata waliokuja kujiunga na chuo walikuwa wanne. Mwisho wa mwaka chuo kikafungwa, wanafunzi tukagawanywa katika vyuo vingine, na Maalim Shee akarudi kwao na koti lake. Siku tuliyobeba masanduku yetu, muhogo ulikuwa umekwisha kuota tena golini. Sisemi chuo kilikufa kwa sababu yangu peke yangu. Ila kama kingalikuwa na dawa, mimi ndiye niliyeimwaga.

Nikawa mwalimu huko Kwale. Miaka mitatu ikapita, nikasikia Mzee Kibwana ni mgonjwa kwake Mwabungo. Nikapiga moyo konde, nikateremka. Njia nzima nilikuwa nikirudia maneno: niwie radhi, mzee wangu, nilikukosea. Nilimkuta amekaa barazani, amekonda, lakini alifurahi, akawaita watu wa nyumbani waje wamwone mwanawe. Akaniuliza, "Juma je, bado anaangalia vidole vya miguu?" Tukacheka. Chakula kilipoletwa nililiwahi birika nimnawishe yeye. Akanishika mkono. "Wewe mgeni wangu," akasema, akalichukua, akaninawisha. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, maji yakanimwagikia mpaka magotini. Nilikuwa nimekuja kwa neno moja tu. Nikaona anavyofurahi, nikajiambia nisimharibie siku, nitalisema nikija tena. Si kwamba nilimhurumia. Niliona haya.

Hazikupita siku nyingi, akafariki. Nilifika kwenye maziko nimechelewa, watu wamekwisha kumtilia udongo. Mtu mmoja mpita njia aliyesimama kuomba dua pamoja nasi akauliza marehemu alikuwa nani. Mmoja wa majirani akamjibu, "Alikuwa mpishi wa chuo."

"Alikuwa mwalimu wangu," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, kubwa kuliko inavyofaa makaburini, na watu wote wakageuka. "Alikuwa mwalimu wangu wa mpira, na mpira wote nilioujua nimefundishwa na yeye." Wote waliokuwapo walisikia, isipokuwa yule aliyestahili kusikia.

Basi nasaha yangu ni hii, wala si ndefu. Jana walipokuuliza umejifunzia wapi, ulisema umejifunza mwenyewe. Yule fundi baiskeli wa Ukunda aliyekuwa akikusimamia mazoezini kila jioni alikuwa amesimama nyuma ya watu, nilimwona, na aliinamisha kichwa kama walivyoinamisha wenzangu siku ile. Bado yu hai. Hana taulo la madoa la kukuaibisha, ana grisi tu mikononi. Mtu aliyekufundisha mtaje jina lake mbele ya watu, naye awepo asikie, hata kama unaona nguo zake zitakupunguzia heshima. Na ukimkosea, usikubali wema wake ukufunge mdomo. Sema kwanza, kisha ule ukoko.

Kombe lile lichukue leo, umpelekee dukani kwake. Mwenyezi Mungu akubariki, akupe mbio na akili ya kutulia, akuzidishie walimu, na zaidi ya yote, mwanangu, akuwahishe. Mimi hakuniwahisha, kwa sababu kila aliponipa nafasi nilikuwa nikila.