Da Hidaya Bado Amesimama

Usiku ule nililala na futi ya kupimia nguo shingoni. Sikuwa nimeisahau. Nilijua ipo, ila niliona uvivu kuinua mkono niitoe. Ndivyo nilivyokuwa tangu Da Hidaya atutoke: jambo lolote lililotaka kuinua mkono nililiacha lilivyo.

Kabla ya ndoto yenyewe sharti nieleze kidogo. Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, na kwa miaka kumi na saba nimeshona mavazi ya kikundi chetu cha maigizo. Kila kitu tunajitengenezea. Wigi tunasuka kwa katani, tunazipaka rangi ya viatu. Mataji tunakata kwenye maboksi ya sabuni, tunayafunika kwa zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara. Mfalme wetu wa mwaka juzi alivaa joho lililokuwa pazia la ukumbi wa harusi, na watu wa viti vya mbele wakalitambua, wakalipigia vigelegele pazia badala ya mfalme.

Da Hidaya ndiye aliyekuwa akiigiza wanawake wakubwa: malkia, mganga, na zaidi ya wote mama mkwe. Aliuigiza umama mkwe hata mama wakwe wenyewe wakawa wanampita sokoni bila salamu. Alikuwa mwanamke wa mwili, wa sauti na wa vituko. Mafundi wa mjini wana sanamu za kuvisha nguo. Mimi nilikuwa na yeye. Kila vazi la kike, liwe la nani, alilivaa kwanza Da Hidaya, kisha nikapunguza kwa vidole. Ukifungua daftari langu la vipimo hutaona namba. Utaona: Mwajuma, Hidaya toa vidole vitatu. Salome, Hidaya toa vinne, urefu ongeza kimoja. Kikundi kizima kiliandikwa kwa mwili wa mtu mmoja.

Na palikuwa na sheria kibandani kwangu. Ukishabandikwa pini, hukai wala hushushi mikono mpaka fundi aseme, "Haya, kaa." Vinginevyo pini zitakuchoma na mshono utahama. Da Hidaya akichoka alikuwa akiuliza, "Fundi, bado?" nami namjibu, "Bado." Basi ukawa utani wetu. Alikuwa akisema siku ya kiyama atafufuliwa mikono imenyooka, na malaika watamuuliza fundi wake ni nani wamfuate.

Siku ya mwisho nilikuwa nampimisha gauni la kijani, la mama mkwe wa mchezo wetu mpya. Aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimwambia asitikisike. Kisha mteja akaja mlangoni na sare ya mwanawe, tukabishana juu ya pindo, na ubishi wa pindo mnaujua. Niliporudi nilimkuta amesimama vilevile, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Fundi, bado?" Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa na pini mdomoni. Mpwa wake akaja kumwita, naye Da Hidaya akalivua gauni mwenyewe na pini zake, akaniambia, "Kesho basi." Kesho yake akalazwa. Keshokutwa tukamzika. Walisema ni moyo.

Sikulia. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomkosha, na nilipoitazama sanda niliona kwamba imekatwa kwa mkasi butu. Hilo tu ndilo nililoliona. Watu wakanipa pole, nikazipokea kama mtu anayepokea mzigo wa jirani amuwekee. Arobaini ikapita. Nilikula, nilishona sare, niliitika salamu. Ndani yangu hamkuwa na kitu.

Nafasi yake ikapewa Zuhura, mwalimu wa chekechea, binti mwembamba mwenye adabu na sauti ambayo hukuitegemea kutoka kwenye kifua kile. Nikamkatia gauni, likampwaya. Nikakata la pili, likampwaya. La tatu lilimteremka begani mbele ya kikundi kizima, na hakuna aliyecheka. Jioni ile Zuhura akanijia, akalikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Fundi, usiudhike. Nikilivaa hili naona nimemvaa mtu. Mpeni mwingine."

Mzee Kombo, kiongozi wetu, akasema Zuhura akitoka hakuna mwingine anayeijua ile nafasi, na Jumamosi hakuna mchezo. Wakanitazama. Nikawaambia asubuhi nitarudisha ufunguo wa sanduku la mavazi, watafute fundi mwingine, yawezekana mkono wangu umekwisha. Nililisema kama anayeagiza chumvi dukani. Nikaenda zangu nyumbani, nikalala na futi shingoni.

Nikajikuta kibandani. Ilikuwa mchana, mlango uko wazi, na cherehani ilikuwa ikishona yenyewe, polepole, bila kitambaa. Sikushangaa. Nilifikiri tu kwamba inamaliza uzi bure. Nilipogeuka niizuie, nikamwona Da Hidaya.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba na gauni la kijani, mikono imenyooka huku na huku kama kamba ya kuanikia. Pini zote za siku ile ziko pale pale nilipozichomeka. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na nuru yoyote ya peponi. Alikuwa na jasho juu ya mdomo.

Mama yangu alinifundisha tangu nikiwa mdogo: marehemu akikuita ndotoni usimfuate, akikupa chakula usile. Hakunifundisha la kufanya akiwa amesimama tu.

Nikataka kumpa shikamoo. Kinywa kimejaa pini. Nazihisi kwenye ulimi, kwenye fizi, baridi, na hazichomi hata kidogo. Nikajua nikifungua mdomo zitamwagika, na kumwaga pini ni kosa ambalo mimi mwenyewe humkemea mtu. Basi nikaufunga.

"Fundi," anasema, "bado?"

Natikisa kichwa, na mimi mwenyewe sijui kama nimesema bado au nimesema tayari.

Kibanda sasa ni ukumbi. Sijatembea, ila niko jukwaani, taa zimewashwa, na viti vyote vimejaa. Nawatazama watu, naona ni mavazi. Yule mfalme wa pazia yupo. Yupo malkia wa karatasi za sigara, wapo waganga wangu watatu wa magunia, yupo bibi harusi niliyemshonea shela ya chandarua. Kila nilichowahi kushona kimekuja, na kila kimoja kimekaa, mikono juu ya mapaja, kimetulia. Kila kimoja kiliwahi kuambiwa kikae. Yeye peke yake, pale jukwaani, amesimama.

Nachomoa pini moja mdomoni, naiweka kiganjani. Nachomoa nyingine. Kinywa kimejaa vilevile.

Sasa ni wodini. Kuna kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, na yeye amesimama kando yake na gauni lake la kijani. Manesi wanapita chini ya mikono yake, wanainama kidogo, wanaendelea na kazi. Mmoja anamgusa bega.

"Lala, mama."

Da Hidaya anamjibu taratibu, kama anayetaja jambo linalojulikana na kila mtu. "Fundi hajasema."

Nesi anageuka kunitazama. Hana hasira. Anasubiri, kalamu mkononi, aandike nitakachosema. Mimi nachomoa pini.

Halafu ni uani kwao, na harufu ya kafuri. Tunamkosha akiwa amesimama. Wanawake wanammiminia maji, wananiambia, "Mshushe mkono, wewe ndiye unayemjua." Naushika mkono wake wa kulia, nauvuta chini, hauteremki. Ni wa moto, mkono wa mtu aliye hai aliyechoka. Nikaona ajabu moja tu, kwamba hata hapo sikuhisi kitu. Nilikuwa nahesabu ni mshono gani wa bega unaouzuia.

Tukarudi kibandani. Cherehani imenyamaza. Da Hidaya anainamisha kichwa, analitazama gauni, kifua, kiuno, pindo, kwa lile jicho lake la mama mkwe akikagua sufuria za mkaza mwana. Mara ya kwanza usiku ule akatabasamu.

"Limenienea hili. Ndilo kosa lako."

Nikasimama pale na viganja vimejaa pini. Nilitaka kumwambia kwamba nilikata upya mara tatu. Nilitaka kumwambia kitambaa kilikuwa kibaya, chaki ilikuwa nene. Uongo wote wa fundi ukanijia, na hakuna uliotoka.

"Yule binti mpime yeye," akasema. "Mimi ulishanipima."

Nikakumbuka hapo, ndotoni, jambo ambalo mchana kutwa sikuwa nimelikumbuka: sikuwahi kumpima Zuhura. Hata mara moja. Nilimtazama kwa jicho, nikaenda kukata mwili ninaoujua. Mara tatu nimemshonea Da Hidaya, kisha nikamlaumu binti wa watu kwa kuwa mwembamba.

Pini mdomoni zilikuwa zinapungua sasa. Nikachomoa moja, na moja, na moja. Mikono ya Da Hidaya ilianza kutetemeka, kwanza vidole, kisha viwiko. Hakuishusha. Alikuwa mtu wa kushika sheria, Mungu amrehemu, hata sheria ya kijinga ya mtu kama mimi.

"Nimechoka, fundi. Mbona huniambii?"

Imebaki pini moja, imelala katikati ya ulimi. Naishika kichwa chake kwa kucha. Naitoa. Kinywa ni kitupu, najua neno lenyewe, ni jepesi, nimelisema mara elfu kwa watu nisiowajali hata nusu ya ninavyomjali yeye. Navuta pumzi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Jirani alikuwa akifagia uwanja na redio yake imeshaanza kelele. Taya zilikuwa zinaniuma kwa kuyakaza meno usiku kucha, na futi ilikuwa imenizunguka shingo. Nikaitoa. Nililala dakika kadhaa nikipapasa ulimi kwa meno, nikitafuta pini.

Sikunywa chai. Nilikwenda kibandani moja kwa moja, nikasukuma mlango, nikaliendea lile gauni la kwanza. Sikulisema hili mapema kwa sababu naona haya: gauni la siku ile, alilolivua mwenyewe, bado lilikuwa limening'inia msumarini na pini zake zote. Sikuligusa tena. Niliona ni heri nikate kitambaa kipya mara tatu kuliko kutoa pini zile. Mikono ya gauni nilikuwa nimeibandika wazi ukutani siku ileile, ili pindo lisijikunje. Tangu tulipomzika ilikuwa imenyooka vile.

Nikazitoa. Za pindo kwanza, kisha za kiuno, kisha za ubavuni, nikizitia katika kopo la pini moja baada ya moja. Nilipotoa za ukutani, mkono wa kulia wa gauni ukaanguka, kisha wa kushoto.

"Haya, Da Hidaya," nikasema. "Kaa. Pumzika."

Nililisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kazini. Nikalichukua gauni nikaliweka juu ya kigoda alichozoea kukalia, nami nikaketi chini sakafuni, kati ya vipande vya kitambaa. Nilidhani nitalia sana. Nililia kidogo tu, vibaya, kama mtu anayejaribu cherehani iliyokaa muda mrefu bila mafuta. Niliumia, na nikashukuru kwamba naumia.

Ufunguo wa sanduku la mavazi ulikuwa mfukoni. Kwa Mzee Kombo ni kulia, kwa akina Zuhura ni kushoto. Nikashika kushoto, na futi na daftari.

Nilimkuta anaosha vyombo. Alipoiona futi alitaka kusema kitu, nafikiri alitaka kunikatalia, na angekuwa na haki. Nikamwambia, "Mwanangu, sikuwahi kukupima. Nisamehe. Nipe mikono yako."

Akafuta maji kwenye kanga, akasimama, akainyoosha. Nikampima kifua, nikampima kiuno, nikampima bega hadi bega. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika Zuhura, na mbele ya jina lake nikaandika namba. Zilikuwa namba zake mwenyewe, hazikutolewa kwa mtu mwingine. Namba ya bega ikabidi niifute niiandike tena.

Mara nikaona amesimama, ananitazama, mikono bado iko hewani. Alikuwa hajauliza chochote. Sikumngoja aulize.

"Haya," nikamwambia. "Kaa, mwanangu."