Filamu Inayoona Rangi Zote

Hasira yangu kwa yule muuza duka wa Mbeya haijaisha, na sitaki iishe.

Baba yangu mdogo, Jailos, alikuwa mpiga picha pale Igawa. Kamera yake ilikuwa sanduku jeusi la zamani, aliloachiwa na mmisionari aliyemfanyia kazi. Filamu alizisafisha mwenyewe chumbani, dirisha limezibwa kwa blanketi, akimulikiwa na taa ya chemli yenye kioo chekundu. Miaka ishirini taa ile haikumharibia hata picha moja.

Mwaka 1974 alikwenda Mbeya kununua filamu, akaomba ile aliyoizoea. Muuza duka, bwana mmoja wa tai, akaicheka kwanza kamera.

"Mzee, hizo zimepitwa na wakati. Chukua hii ya kisasa, inaona rangi zote."

"Itaingia kwenye hii kamera yangu?"

"Itaingia. Saizi ni ileile."

Saizi! Utadhani anauza viatu. Hakuongeza neno, akamgeukia mteja mwingine.

Siku ya gulio akaja Ng'washi, mwanamke mkulima wa mpunga kutoka Ubaruku, na mama yake mzazi juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Bibi huyo alikuwa amekataa kupigwa picha maisha yake yote. Sasa alikuwa mgonjwa, na binti alimbembeleza msimu mzima mpaka akakubali, mara moja tu. Baba mdogo akammalizia filamu nzima, picha nane.

Kesho yake akajifungia chumbani na taa yake, kama kawaida. Filamu ikatoka nyeusi tii, mwanzo hadi mwisho. Kumbe hiyo ya kisasa iliona hata mwanga mwekundu wa taa ile, ambao zile za zamani hazikuuona kabisa, ikaungua.

Akapanda basi kurudi dukani. "Si ungeuliza?" bwana yule akamjibu. Mtu aulizeje jambo asilojua kama lipo?

Ng'washi alipokuja kuchukua picha, alikuwa ameshamzika mama yake. Baba mdogo hakulitaja duka. "Nimekosa mimi, mwanangu," akasema. Mimi niliyesimama mlangoni nilitaka kupiga kelele.

Ng'washi akauchukua ule mkanda wa filamu, akauinua juani, akautazama kipande kwa kipande.

"Nionyeshe tu alipokaa, baba."

Baba mdogo akaweka kidole kwenye weusi, popote tu.