Walisema ni Pepo wa Kizungu

Mwaka uliofuata ghasia za Likoni, hoteli nyingi za Diani zilikuwa tupu. Yetu ilikuwa imebakiza wafanyakazi wachache, mimi nikiwa katika chumba cha kufulia nguo, ndipo walipokuja wanawake wa raga. Timu zilitoka nchi mbalimbali, na mashindano yao yakachezwa kwenye uwanja ulio nyuma ya hoteli. Nilifua jezi zenye tope na damu, na nilipokuwa nikizianika niliwatazama. Ilikuwa ile raga ya watu kumi na watatu kila upande. Aliyekamatwa akaangushwa huachiwa ainuke, akauweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa unyayo, mwenzake auokote.

Timu ya kwetu ilikuwa ya wasichana wa bara waliofanya kazi katika hoteli mbalimbali za pale, nao walipungukiwa na mtu. Wakamwona mdogo wangu anayenifuata, aliyeniletea chakula, wakayapenda mabega yake. Walipoanza kumfundisha, mmoja alimtania, "Wewe unakimbia kama umeibiwa kuku."

"Kuku nimeiba mimi," akajibu, "ndiyo maana hamnipati."

Mimi ndiye niliyemruhusu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikawalea wadogo zangu watatu, na ruhusa zote nyumbani zilitoka kwangu. Nilimwambia tu avae suruali ndefu ndani ya kaptula.

Katika mchezo wa mwisho, goti la mgeni mmoja lilimgonga nyuma ya sikio. Alikaa chini, akacheka, akataka kuendelea, wakamtoa. Jioni tulirudi naye Mwabungo kwa miguu. Alikula, akalala.

Kesho yake nilitoka kazini alasiri. Nilipofika uani nilisikia harufu ya ubani. Shangazi, dada wa baba yetu, alikuwa mlangoni na chetezo mkononi.

"Usiingie na viatu," alisema. "Mdogo wako amepandisha. Ni pepo wa Kizungu, amemfuata kutoka kule kwa wanawake wako."

"Nani kasema ni wa Kizungu?"

"Msikie mwenyewe."

Mdogo wangu alikuwa amelala mkekani, macho nusu wazi. "Mai bol," alikuwa akisema. "Mai bol, mai bol." Na mguu wake wa kulia ulikuwa ukikwaruza mkeka kurudi nyuma, ukatulia, ukakwaruza tena.

"Na anacheza," shangazi alisema polepole. "Anataka ngoma yake. Nimeshamtumia mganga mtu."

"Hachezi, shangazi. Anasema 'mpira wangu' kwa Kiingereza. Amekamatwa, anaurudisha mpira."

"Mpira upi, mwanangu? Hapa pana mpira?"

Sikuwa na mpira wa kumwonyesha. Nilimgeuza mdogo wangu kichwa, nikamwonyesha nyuma ya sikio, palipokuwa pamevimba na kuwa peusi.

"Pepo naye huumiza," alisema. "Hospitali watamdunga sindano. Pepo hataki sindano, atamuua."

"Akifa atafia mikononi mwangu. Nisaidie kumbeba."

Shangazi akaweka chetezo chini, akavua leso yake ya juu, akaitandika, tukamlaza juu yake. Jirani muuza maji alimwaga madumu yake, akatuazima mkokoteni, tukamsukuma mpaka barabarani. Pale tulipata pikapu ya kwenda Msambweni. Daktari wa zamu alimmulika macho, akasema damu inavuja ndani ya kichwa, apelekwe Mombasa upesi. Huko walimpasua.

Hakufa. Alirudi nyumbani akiwa na mkono mmoja usio na nguvu, na akili yake ilikuwa imefuta miaka kadhaa. Asubuhi ya kwanza aliniuliza, "Dada, mama amekwenda wapi?"

Nilimwambia mama alifariki, na baba pia. Alilia mpaka akalala. Adhuhuri akaamka, akaniuliza tena.

"Mwambie amekwenda Jego kwa ndugu zake," shangazi alininong'oneza. "Utamuua kwa kilio."

"Akiambiwa Jego, kesho atatoka kwenda kumtafuta."

Kwa hiyo kila aulizapo humwambia kweli, naye hulia kama aliyeletewa habari sasa hivi. Wale wadogo wawili wameshazoea. Wakisikia ameanza kuuliza, hutoka nje, wakakaa kule nyuma ya jiko mpaka amalize kulia.