Msingi Uliomzidi Kulwa Kimo

Ile rimu ya lori inayogongwa kila asubuhi pale sekondari yetu, mimi huisikia mpaka kwenye magego. Wengine husikia watoto wakiitwa darasani. Mimi nasikia tunaitwa kuchimba.

Naitwa Doto. Kwetu Usukumani ukitaja jina hilo, mtu lazima akuulize, "Na Kulwa yuko wapi?" maana jina la pacha halitembei peke yake. Kulwa alikuwa kaka yangu. Alinitangulia kutoka tumboni, na hakuacha kunikumbusha. "Niamkie, mimi mkubwa wako," atasema, nami namjibu, "Shikamoo, babu," tunacheka mpaka mama anatufukuza jikoni.

Sekondari ilianza kwa msaragambo. Kila kaya itoe watu. Asiyetokea, sungusungu wanakuja kuchukua mbuzi. Baba alikuwa mgonjwa, tukaenda sisi wawili na karai letu. Kulwa alichimba chini, mimi nikapokea juu. Udongo ule mwekundu ulinukia kama chungu kipya kikitiwa maji. Yeye alikuwa na akili ya shule, yangu ilikuwa ya kuchunga mbuzi, na mama alishamwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, unajichimbia darasa lako."

Msingi ukaenda chini, ukaenda. Jirani yetu mzee Ngasa akauliza, "Fundi, hii ni shule au kisima?" Watu wakaangua kicheko.

"Sekondari si banda la kuku, mzee. Chimba," akajibu Fundi Salu.

Hakuweka gogo hata moja la kuzuia udongo. Ila mawe meupe yenye mishipa ya kutu aliyatenga vizuri, eti hayafai kujengea, na trekta la shemeji yake, Diwani Lushinge, likayabeba kwenda kuyatupa.

Siku ile Kulwa aliniinulia karai. "Pokea, mdogo wangu, hili zito." Nikalishika. Ukingo ukashuka. Mimi nilibaki na karai na mguu uliovunjika, yeye hakuonekana. Walifukua, udongo ukazidi kumwagika, mpaka Lushinge akaamuru pafukiwe, darasa lijengwe juu. "Ardhi ikishakula haitapiki," alimwambia mama, naye mama kalala kifudifudi, anakwangua kwa kucha.

Nilikuja kuelewa ukubwani, naponda mawe kwenye karasha kule Geita. Gunia likamwagwa mbele yangu: mawe meupe, mishipa ya kutu. "Hayo ndiyo yenye dhahabu, mama," mwenzangu akanielekeza. Nikakaa chini. Kumbe, ndugu zangu, tulikuwa tunamchimbia Lushinge shimo lake la dhahabu, bure, na shule ikawa kifuniko.

Jina lake liko kwenye jiwe la msingi, limechongwa: mwanzilishi. La Kulwa halipo popote, ndiyo maana nayataja yote hapa, la Salu pia.

Majuzi mwalimu mgeni, binti mwenye adabu, alikuja kununua maandazi kwangu. Aliposikia naitwa Doto, akatabasamu, akaniuliza lile swali. Rimu nayo ikaanza kugongwa.

"Yuko Kidato cha Kwanza," nikamwambia. "Hajawahi kutoka."