Nilivyong'arisha Wembe wa Bwana Harusi

Aliyeharibu ni mimi. Sitasingizia dawa, sitasingizia jua, na shetani naye nimwache apumzike. Mikono ilikuwa yangu.

Kazi yangu ni kufufua nyembe za kizamani, zile za kukunja zenye mpini. Hakuna fundi aliyenifunza. Nimejifunza kwa simu na kwa kujikata vidole. Hapa Ukunda ukinipa wembe wenye kutu na mpini uliogeuka rangi, nakurudishia kitu cha kujitazamia uso. Basi sifa zikanipanda kichwani.

Rafiki yangu Rama, wa Msambweni, alikuwa anaoa. Kwao bwana harusi hunyolewa nyumbani asubuhi ya nikaha, shuka nyeupe mabegani, kinamama wakiimba. Na wembe ni mmoja tu, wa marehemu babu yake, mpini wake wa mfupa. Ami yake, Ami Juma, akanipa niunoe. Kunoa tu, alisema, na akarudia, kwa sababu ananijua.

Ningenoa nikarudisha, yangeishia hapo. Lakini tulikuwa tumekaa barazani kwa kina Rama, akaja binamu wa bibi harusi, kijana wa kazi za hoteli huko Diani, akauona mkononi mwangu. Mpini ulikuwa wa manjano-manjano, una mabaka ya kahawia kama chapati.

"Buda, hiyo ni wembe ama jino ya mvuta sigara?"

Watu wakacheka. Rama naye akacheka, maana Rama ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba msamaha. Mimi siko hivyo. Rama akichekwa na wakwe, damu inayochemka ni yangu. Nikamwambia yule kijana, "Siku ya harusi uje na miwani ya jua. Huu utakuchoma macho."

Nikaenda nyumbani, nikaulaza mpini kwenye dawa ya kutakatisha nguo nyeupe, nikauanika juani, nikausugua kwa msasa laini, nikaurudisha kwenye dawa tena. Ukatoka mweupe kama nazi iliyokunwa. Wallahi niliubusu.

Kesho yake nikapita kwa Bibi, nyanyake Rama, kumwamkia. Shikamoo, marahaba, kaa ule. Nikiwa na wali mdomoni akaniambia, kwa upole kabisa, nisije nikausugua ule mpini. Ile rangi si uchafu, ni hina. Kila mwanamke aliyeolewa nyumba ile, baada ya nikaha hupelekewa wembe uliomnyoa mumewe, akaushika na hina yake ingali mbichi. Ya kwanza ni ya Bibi mwenyewe. Ya mwisho ni ya mamake Rama, aliyefariki Rama akiwa mdogo, hata sura yake haikumbuki vizuri.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili tu, na Bibi ana huruma. Nikasema chakula kitamu, nikaomba maji.

Halafu nikafanya la pili, na hili ndilo linaloniwasha mpaka leo. Nikachukua manjano ya kupikia, nikaikoroga na majani ya chai, nikaupaka mpini. Dawa ilikuwa imeshaufanya mfupa kama chaki, basi ukaifyonza ile rangi vizuri tu. Nikajiona mjanja. Ami Juma akaupokea, akajaribu makali kwenye nywele za mkono wake, akanisifu. Nikapokea na sifa!

Asubuhi ya nikaha ua ulijaa. Rama kakaa kitini, Ami kamlowesha kidevu, kaanza. Shavu la kwanza, sawa. Shavu la pili, mikono ya Ami imelowa, mpini umelowa, na kila akimgusa Rama anaacha alama. Kinamama wakaanza kucheka katikati ya wimbo. Bwana harusi alikuwa wa manjano kutoka sikioni hadi shingoni, kama kuku anayesubiri kuingia sufuriani. Yule kijana wa hoteli akatoa simu. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, mara moja tu ikanitoka.

Bibi hakucheka. Akainuka, akauchukua wembe, akaunusa.

"Hii ni manjano," alisema. "Hina yetu iko wapi?"

Ami Juma akanitazama. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nimeitoa mimi, kwamba nilitaka wasimcheke Rama.

Rama akaniuliza swali moja. "Na ya mama?"

Nikamwambia hata hiyo nimeitoa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikae ubavuni mwake kwenye nikaha. Alikaa mwingine. Mimi nilikaa mlangoni penye viatu, na kanzu yangu mpya, nalia, na watu wanadhani ni furaha.

Fungate ilipokwisha Rama akaja Ukunda na ule wembe. Mkewe ameweka hina yake, kidole gumba kimoja, peke yake kwenye ule weupe. Nikataka kupiga magoti, akanishika shati.

"Bibi anasema mama alikuwa na moto kama wako," akaniambia. "Angekupiga mwiko kwanza, halafu angekupakulia chakula."

"Basi nipige."

"Mwiko sina." Akanichapa kofi la kisogo, tukacheka mpaka majirani wakachungulia.

Tulicheka, ndiyo. Lakini pale mamake alipopashika ni patupu, na Rama hana pengine pa kumwona.

Vijana wenzangu mnaojifunza kwa simu, mikono yenu ni mizuri, sikatai. Lakini ukipewa kitu cha watu na kina doa, usikimbilie kutafuta dawa ya kulitoa. Uliza kwanza ni la nani.