LC Mbili

Shule niliachia Senior Two, kwa hiyo mambo ya mwanga kupita ndani ya waya nilijifunzia kazini, tena kwa aibu. Nyumbani Mafubira, pale Jinja, mama alishatangazia soko lote kwamba mwanawe ni injinia. Ukweli, nilikuwa kwenye majaribio Mbale, nabeba ngazi, na madam, fundi wetu Mkenya, alishaniambia: "Kosa moja tena, unarudi kwa mama yako."

Siku hiyo tulikuwa tunaweka intaneti kwenye kituo cha polisi upande wa Busiu. Madam yuko ndani na mashine, mimi niko nje kwenye gari. Akanipigia simu: "Niletee LC mbili hapa, mbio!"

Sasa Uganda hii, mtu akisema LC, wewe unafikiria nini? Mwenyekiti wa kijiji ni LC One. Wa parishi ni LC Two. Nikajua tu tumechimba shamba la mtu tukipitisha waya, na kesi imefika kwa mwenyekiti. Nikarukia boda, nikamkuta mwenyekiti wa parishi, mzee mmoja, anakula mahindi dukani, nikamwambia polisi wanamtaka. Akachukua koti na muhuri.

"Huyu ni nani?" madam akauliza.

"LC Two, madam. Umesema mbio."

Afande wa zamu alicheka mpaka akashika ukuta. Madam hakucheka. "LC ni plagi ya waya! Nenda upange nguo zako."

Lakini mwenyekiti akakataa kuondoka. "Bwana, mimi nimeacha mahindi yangu. Hiyo LC ingine mnataka, iko wapi? Nataka kuiona."

Basi somo lote la madam likanirudia, nikaleta boksi la plagi kutoka garini, nikamweleza, maana mdomo ndio kitu pekee nilichomaliza nacho shule. "Tazama mzee, ndani ya waya kuna uzi wa glasi, mwembamba kama unywele. Mwanga unapita humo. Hii plagi inashika ncha ya uzi katikati kabisa, ikutane na ncha ya mwenzake uso kwa uso. Vumbi kidogo tu, mwanga unakwama. Ile kubwa ya mraba ni SC, unasukuma inaingia. Ya duara, unayozungusha kama balbu, ni ST. Hii ndogo yenye kibano mgongoni ndiyo LC. Mashine inataka mbili: moja ya kupeleka, moja ya kupokea."

"Ndogo hivi, na inaitwa LC?" Mzee aliumia kweli.

Madam akaninyooshea moja. "Umeongea. Haya, chomeka."

Nikaipangusa polepole, kama daktari. Nikasukuma. Ikakataa. Nikasukuma tena, jasho linatoka.

"Kijana," mwenyekiti akasema, "hiyo kofia si unatoa kwanza?"

Kumbe nilikuwa nimepangusa kifuniko.

Nikakivua, nikapangusa ncha yenyewe, ikaingia: kach! Ya pili pia. Taa ya kijani ikawaka, na afande papo hapo akaanza kutafuta mpira kwenye simu.

Madam akafunga begi lake, akasema bila kumtazama mtu, "Kesho saa mbili. Usichelewe."

Hakusema anamwambia nani. Kesho yake saa moja nilikuwa nimeshafika, nisije nikamkuta mwenyekiti amebeba ngazi.